Kuongeza umbali wa mbio: Moyo huwahi, mfupa huchelewa

Na Mwandishi Wetu

KILA inapokaribia Februari, barabara za Dar es Salaam na miji mingine hujaa wakimbiaji wa alfajiri wanaojiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza Moshi mwaka 2003. Wengi wao ni wafanyakazi wa maofisini waliozoea mbio za kujifurahisha za kilomita 5, na sasa wanataka kumaliza nusu marathoni ya kilomita 21.1.

Nia hiyo ni njema kwa afya. Hata hivyo, wapo wanaofika siku ya mbio wakichechemea, na wapo wasiofika kabisa. Mara nyingi sababu si uvivu bali ni haraka: waliongeza umbali kabla miguu yao haijawa tayari kuubeba.

Kwa nini miguu huumia

Mtu anapoanza mazoezi, moyo na mapafu ndivyo vinavyoitikia kwanza. Katika wiki chache kiasi cha damu mwilini huongezeka, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na kilima kilichokuwa kikimfanya ahemee juu juu hukipanda huku akizungumza. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa kuwa pumzi humdanganya kwamba mwili wote umekwisha kukomaa.

Mifupa na kano hufuata taratibu. Mfupa unapopata mzigo mpya, mwili huondoa kwanza sehemu zilizochakaa kisha hujenga mpya zilizo imara zaidi, na kazi hiyo huchukua miezi kadhaa. Katikati ya kazi hiyo, sehemu inayojengwa upya huwa dhaifu kwa muda. Anayerundika kilomita katika kipindi hicho huweza kupata nyufa ndogo za mfupa, hasa kwenye muundi na unyayo, au maumivu ya goti na ya kano ya kisigino.

Asilimia 10 ya nini?

Kwa miaka mingi makocha wamewafundisha wanafunzi wao wasiongeze zaidi ya asilimia 10 ya jumla ya kilomita za wiki. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini ilipopimwa haikuonyesha kinga iliyotarajiwa. Utafiti uliofanywa Groningen, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2008 uliwagawa wakimbiaji wapya zaidi ya 500 katika makundi mawili. Moja liliongeza kwa asilimia 10 kwa wiki 13, na jingine lilifuata mpango wa haraka zaidi wa wiki 8. Katika kila kundi, takriban mtu mmoja kati ya watano aliumia.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la British Journal of Sports Medicine, uliwafuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000 na kutoa picha iliyo wazi zaidi. Kilichohusiana na kuumia ni mbio za siku moja zilizozidi, kwa zaidi ya asilimia 10, mbio ndefu kuliko zote ambazo mtu huyo alikuwa amekimbia katika siku 30 zilizotangulia. Waliokimbia zaidi ya maradufu ya umbali huo ndio waliokuwa katika hatari kubwa kuliko wote.

Kwa maneno mengine, mwenye kuumizwa ni yule ambaye mwezi mzima hakuvuka kilomita 8, kisha Jumapili moja akashawishiwa na wenzake wa klabu ya jogging kukimbia nao kilomita 15. Kukimbia siku nyingine mbili zaidi katika wiki hiyo kwa umbali aliouzoea huenda kusingemdhuru.

Hesabu ya miezi mitano

Kanuni hiyo hurahisisha kupanga mazoezi. Chukua mtu anayekimbia kilomita 5 bila taabu, siku tatu kwa wiki. Siku moja kati ya hizo iwe ya mbio ndefu, na umbali wake uongezwe kwa asilimia 10 tu kila wiki: kilomita 5.5, kisha 6, kisha takriban 6.6. Wiki ya nne arudi kwenye kilomita 5 ili mwili upumzike na kujijenga, halafu aendelee na 7.3, 8 na 8.8. Siku nyingine mbili zibaki fupi na nyepesi.

Kwa mwendo huo, nyongeza 15 humfikisha karibu na kilomita 21. Pamoja na wiki za kupumzika, ni wiki 20, yaani karibu miezi mitano. Anayelenga mbio za mwisho wa Februari anapaswa kuanza mwanzoni mwa Oktoba, si baada ya sikukuu za mwaka mpya. Asiyeweza bado kukimbia kilomita 5 anahitaji muda zaidi. Aanze kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, kisha apunguze kutembea kidogo kidogo.

Aidha, kasi na umbali visiongezwe kwa pamoja. Kipimo chepesi ni mazungumzo: mkimbiaji anayeshindwa kutamka sentensi nzima bila kuhema anakwenda kasi mno kwa siku ya mbio ndefu.

Joto, maji na maumivu

Katika miji ya pwani, unyevunyevu wa hewa huzuia jasho kukauka na kuupoza mwili, hivyo ni vyema mbio ndefu zimalizike kabla jua halijapanda. Maji yanywewe kwa kufuata kiu. Kunywa kupita kiasi kuna hatari yake: utafiti wa wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya mwaka 2002 ulibaini kuwa asilimia 13 walikuwa wamepungukiwa chumvi katika damu.

Kuhusu maumivu, Watanzania wengi hukumbuka ushujaa wa John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 lakini akamaliza marathoni akiwa wa mwisho. Lakini ile ilikuwa Olimpiki. Mazoezi ya Jumamosi hayadai kafara hiyo. Uchovu wa misuli unaotoweka baada ya siku moja au mbili ni wa kawaida. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa, yanayozidi kila unapokimbia, ni sababu ya kusimama na kumwona daktari.

Mwenye presha, kisukari au historia ya maradhi ya moyo apimwe kabla ya kuanza. Yeyote anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu akikimbia asimame papo hapo na kutafuta matibabu.

Kwa wanaoona miezi mitano ni mingi, mfano ni Alphonce Simbu. Alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata medali ya shaba katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, na dhahabu akaipata Tokyo Septemba 2025, miaka minane baadaye.