Simu ya Kifalme na Simu Yetu: Historia Fupi ya Memori



Kila mwaka, kabla Samsung haijaonyesha Galaxy S mpya, uvumi unatangulia miezi mingi. Hata hapa kambini, pale tunapochajia simu, utasikia vijana wanabishana. Mmoja anasema ijayo itakuwa na RAM ya 16GB. Mwingine anasema hapana, yeye kaona 24. Na wote wawili wameshika simu za 2GB zenye kioo kilichopasuka. Wazazi wakipita wanacheka, wanasema hawa watoto wanagombania ng'ombe wa zizi la watu.

Mimi nasema ubishi ule si upuuzi. Ni kweli hakuna hata mmoja wetu atakayeinunua simu ile. Lakini memori yake itatufikia tu, baada ya miaka michache, na itatufikia kama mlango uliofungwa. Historia ndiyo inaonyesha hivyo, tuifuate polepole.

Memori ni mbili, tusizichanganye

Asili yangu ni Bugarama, pwani ya Ziwa Tanganyika, pale barabara ya RN3 inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge inapopita Magara. Kwetu mtoto anajua ndagala kabla hajajua kusoma, kwa hiyo nitaeleza kwa ndagala.

Ndagala zikitoka ziwani zinaanikwa kwenye kichanja. Zikikauka zinaingia gunia, gunia linaingia ghala. Ile memori ya 32GB au 64GB, inayoweka picha na nyimbo zako, ndiyo ghala. RAM ndiyo kichanja, yaani mahali simu inapotandaza kazi inayofanya saa hii. Unaweza kuwa na ghala kubwa sana, lakini kichanja kikiwa kidogo, ukitaka kuanika mpya lazima uondoe za zamani. Ndiyo maana unaandika ujumbe WhatsApp, unatoka kidogo kuangalia picha, ukirudi unakuta WhatsApp inaanza kujifungua upya. Simu haijaharibika. Kichanja kimejaa.

RAM ya aina tunayotumia mpaka leo ilibuniwa na Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM ya Marekani, mwaka 1966, na hati ya ubunifu akaipata 1968. Wazo lake lilikuwa kuhifadhi kila biti kama tone dogo la umeme. Shida ni kwamba tone hilo linavuja. Kwa hiyo simu inalijaza tena na tena, mara nyingi ndani ya kila sekunde. Wavuvi wa kwetu walioangaza ziwa kwa karabai wataelewa haraka: karabai usipoipiga pampu, mwanga unafifia. RAM ni karabai. Umeme ukikatika, imesahau yote.

Ghala lilikuja baadaye. Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, alionyesha memori yake ya flashi mwaka 1984, na aina yake ya pili mwaka 1987. Hiyo haihitaji umeme ili ikumbuke. Kadi memori unayoichomoa kwenye simu na kuiweka mfukoni ni kizazi cha kazi yake.

Kabla ya simu, memori ilikuwa kichwani

Wazee wetu waliokimbia mwaka 1972, baada ya vita kuanza Aprili kule Rumonge na Nyanza-Lac, hawakuvuka na simu. Wengi walifika Tanzania, wakawekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Majina ya ndugu, ya vilima na mipaka ya mashamba, vyote walivibeba kichwani. Na walivibeba miaka 40 na zaidi.

Miaka ya 1990 Telecel ilileta simu za mkononi Burundi, lakini zilikuwa za wakubwa na matajiri. Simu ya mtu wa kawaida ilikuja baadaye. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ilikuwa na tochi, chaji ilikaa siku kadhaa, na kitabu chake cha namba kilibeba majina 50 tu. Ukizidisha, unaweka kwenye laini. Mtu alichagua nani anaingia na nani anabaki nje. Lakini simu ile haikukataa kazi yake. Uliyempigia alipokea, na ujumbe ulifika.

Kisha ukaja mwaka 2015. Mwishoni mwa Aprili, maandamano yalipoanza Bujumbura, WhatsApp, Facebook na Twitter zilizuiwa kwenye mitandao ya simu. Katikati ya Mei redio binafsi zilishambuliwa na kunyamaza: RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance. Nchi yetu ni nchi ya redio, mkulima analima na redio kando. Waandishi waliokimbia wakaanza kurekodi habari na kuzituma kama faili za sauti. Ndivyo Radio Inzamba ilivyosikika, sauti ikipita WhatsApp kutoka simu moja kwenda nyingine.

Mwezi huohuo wa Mei, maelfu kwa maelfu walijazana Kagunga, kijiji cha wavuvi upande wa Tanzania, chini ya mlima mkali. Kipindupindu kikaingia. Meli MV Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani 1913, ikawa inawachukua kwa zamu hadi Kigoma. Bibi yangu alivuka na daftari la shule lenye namba za simu za watu 11, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Wapo ambao simu zao zililowa au zilizima, na kwa kuwa namba zote zilikuwa mle ndani, hawakuwa na hata moja ya kupiga. Daftari lile lilipita mikono mingi, hata ya watu tusiowajua, kwa sababu ndani yake kulikuwa na namba za majirani zetu.

Kwa sisi watu wa pwani ile, memori iliacha kuwa anasa mwaka huo. Kabla ya hapo, simu ya tochi ilitosha kwa mambo yote ya lazima. Baada ya hapo, habari za nyumbani, sauti ya mama, na tangazo la kwamba fulani kaonekana mzima, vyote vilihamia ndani ya programu. Na programu inataka kichanja.

Mlango unavyopandishwa

Sasa tuangalie hesabu. Msiogope namba, ndizo zinazobeba habari yote.

iPhone ya kwanza, 2007, ilikuwa na RAM ya 128MB. Hiyo ni sehemu ya nane tu ya 1GB, na dunia nzima ilishangaa. Galaxy S ya kwanza, 2010, ilikuwa na 512MB. Hiyo ilikuwa simu ya kifalme. Mwaka 2011 Safaricom ya Kenya ilileta Huawei IDEOS kwa shilingi kama 8,000, ikiwa na 256MB, na kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki ndiyo simu ya tachi ya kwanza waliyoimudu. Galaxy S4, 2013, ilifika 2GB.

Mwaka 2017 Google wakatoa Android Go, toleo jepesi la simu za bei ndogo. Walisema litafanya kazi hata kwenye simu ya 512MB. Tazameni: memori ya mfalme wa 2010 ilikuwa imeshakuwa memori ya maskini baada ya miaka saba. Na haikuishia hapo. Mwaka 2022, Android 13 ilipotoka, toleo lake hilohilo jepesi likataka angalau 2GB. Yaani mlango wa watu wadogo ukapandishwa hadi pale alipokuwa amekaa mfalme wa 2013.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoiona. Wanaotengeneza programu wanashika simu kubwa mkononi. Wakiona ina nafasi, wanaijaza: video zinajicheza zenyewe, picha zinasogea, matangazo yanapakiwa. Simu ya mwisho kwenye foleni ndiyo inayolipa. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android zilizo chini ya toleo la 5. Simu zile hazikuanguka, hazikulowa, betri zao nyingine zilikuwa bado nzima. Ziliachwa tu kwenye gati, kama mtu aliyechelewa boti.

Uvumi na ukweli

Je, uvumi wa simu ijayo uaminiwe? Historia ya Galaxy yenyewe inajibu. S20 Ultra ya 2020 ilikuwa na 12GB au 16GB. S21 Ultra ya 2021 vilevile. Watu wakadhani inayofuata itapanda tu. S22 Ultra ya 2022 ilipotoka, iko na 8 au 12. Memori ilishuka! Kabla ya S25 Ultra, mapema 2025, uvumi uliimba 16GB, na katika nchi nyingi ikatoka na 12 zilezile. Kwa hiyo namba kubwa ya uvumi mara nyingi ni matamanio ya watu.

Uongo unaotuumiza sisi zaidi hauko kwenye uvumi wa simu ya kifalme. Uko kwenye boksi la simu ya bei ndogo sokoni. Boksi linaandika "RAM 8GB" kwa herufi kubwa, na chini kwa herufi za sisimizi "4+4". Ile 4 ya pili si RAM. Simu inakopa nafasi kutoka ghalani na kuiita kichanja. Ni kama kuanika ndagala ndani ya ghala: nafasi ipo, lakini jua hakuna. Memori ya ghala ni ya polepole kuliko RAM, na kila inapoandikwa na kufutwa inachakaa kidogo. Ukinunua, uliza ile namba ya kwanza. Hiyo ndiyo unayolipia.

Kwa nini safari hii ni tofauti

Zamani kulikuwa na faraja moja: memori ilikuwa inashuka bei kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo hata simu ndogo ilipanda pole pole ikifuata. Faraja hiyo imetikisika.

Sababu ni akili bandia. Apple walipoileta kwenye simu zao mwaka 2024 walitaka RAM ya 8GB. iPhone 15 ya kawaida, iliyotoka Septemba 2023 ikiwa na 6GB, ikaachwa nje ikiwa na mwaka mmoja tu. Mlango uliokuwa unapandishwa kwa miaka saba, safari hii umepandishwa kwa mmoja, na aliyeachwa nje ni mtu aliyelipa mamia ya dola.

Pia majumba makubwa ya kompyuta zinazoendesha akili bandia yanahitaji memori nyingi mno. RAM ya dunia karibu yote inatoka kwa kampuni tatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Tangu mwisho wa 2025 bei yake imepanda kwa kasi, kwa sababu wateja wakubwa wanachukua kwanza. Mwenye simu ya dola 1,000 hataumia sana. Lakini kwenye simu ya dola 80, memori ni sehemu kubwa ya gharama. Mtengenezaji atapandisha bei au atapunguza kichanja. Vyovyote vile tunaumia sisi.

Wenzetu wa Kivu watauliza: na koltani yetu je? Watu wengi husema koltani ndiyo memori ya simu. Sivyo hasa. Tantali inayotoka ndani ya koltani inatengeneza vifaa vidogo vya kutuliza umeme ndani ya simu, na memori yenyewe inachongwa kwenye silikoni. Lakini simu ya kifalme inavihitaji vyote. Bei ya koltani ilipolipuka mwaka 2000, waliochimba ni watu wa milima ya kwetu. Na Rubaya, kule Masisi, ilipochukuliwa na M23 Aprili 2024, watu walikimbia. Baadhi ya tunaobishana hapa kuhusu GB tulitoka kwenye udongo huohuo.

Basi tufanye nini

Kwa vijana: usikopeshwe pesa kwa sababu ya namba ya kwenye boksi. Uliza RAM ya kweli, uliza toleo la Android. Punguza programu zisizo na kazi, tumia zile nyepesi kama zipo. Na namba za watu wako wa damu, ziandike pia kwenye karatasi. Karatasi haina toleo la chini linalokubalika.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, naomba kwa heshima. Mnapoleta programu mpya ya kujiandikisha, ya kulalamika au ya kupokea msaada, mnaijaribu kwenye simu zenu za ofisi, na inafunguka vizuri. Tafadhali, kabla ya kuizindua, azimeni simu ya 2GB kutoka kwa mama yeyote kwenye foleni, muifungue hapo mbele yake. Ikigoma, basi mmejenga mlango ambao yeye hapiti, hata kama jina lake liko kwenye orodha. Ujumbe mfupi wa kawaida, ule uliofika hata kwenye Nokia 1100, bado unafika kwa kila mtu.