Wazee wa Remba na Daftari la Serikali

Nchini Kenya, nyumba ya kulelea watoto ilipata kanuni zake za usajili mwaka 2005, chini ya Sheria ya Watoto ya 2001. Nyumba ya kutunzia wazee haikupata sheria ya namna hiyo. Tofauti hiyo ina historia ndefu, na katika eneo la Ziwa Viktoria, kuanzia visiwa vya wavuvi kama Remba hadi maboma ya Suba na Migori, historia hiyo inaonekana waziwazi: serikali iliwaandika wazee wenyewe, na haikuwaandika wanaowatunza.

Remba ni mwamba mdogo upande wa Kaunti ya Homa Bay. Nyumba zake za mabati zimebanana, na wakazi wake ni wavuvi wa mbuta, wachuuzi wa omena, mafundi wa mashua na wenye vibanda, wengi wao vijana, waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Kisiwa cha namna hiyo ni mahali pa kutafutia riziki, wala watu hawaendi huko kuzeekea. Mvuvi akiishiwa nguvu hurudi bara, na akifa kisiwani, desturi ya Kiluo inataka azikwe bomani kwao. Wazee wa Remba, kwa hivyo, ni wazazi waliobaki Mbita, Mfangano, Karungu au Nyatike, wakingoja hela za samaki. Zamani hela hizo zilibebwa na jamaa au rafiki aliyepanda mashua. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 zinafika kwa simu.

Kabla ya ukoloni malezi ya mzee yalikuwa sehemu ya mpangilio wa boma. Mwenye boma alikuwa na duol, kibanda chake karibu na zizi, ambako wanaume walikula na kuzungumza naye jioni. Bibi kizee alikuwa na siwindhe, nyumba ambamo wasichana na watoto wadogo walilala na kufundishwa. Chakula kilifika kwake kwa sababu watoto walikuwa kwake, na mzee hakutengwa na kazi ya boma. Waliopaswa kumtunza walijulikana na kila mtu, na aliyezembea aliaibika mbele ya ukoo. Adhabu hiyo ya aibu haikuwa ndogo.

Serikali ya kikoloni ilileta daftari, lakini haikulileta kwa ajili ya wazee. Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande, karatasi iliyotiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Lengo lilikuwa kodi na kazi za mashamba ya walowezi. Mzee asiyeweza kufanya kazi hakuwa na faida kwa daftari hilo, na mwanamke hakuwamo kabisa. Wanawake walianza kuandikishwa kwa vitambulisho baada ya sheria ya usajili wa watu kurekebishwa mwaka 1978, miaka 15 baada ya uhuru.

Hapo ndipo mzizi wa tatizo lililojitokeza baadaye. Usajili wa lazima wa vizazi ulipanuliwa wilaya baada ya wilaya na kuenea nchi nzima mwaka 1971, kwa hivyo aliyezaliwa Suba katika miaka ya 1940 hakuwa na cheti. Umri wake ulikisiwa kwa matukio: askari waliporudi kutoka vita vya Hitler, au ziwa lilipofurika kwa mvua za miaka ya 1961 hadi 1964. Karani akaandika mwaka aliouona kuwa sawa. Kosa la miaka mitano halikumdhuru mtu, hadi siku umri ulipogeuka kuwa haki ya kulipwa.

Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, iliyoanzishwa 1965, ilikuwa ya walioajiriwa. Mvuvi hakuwa na mwajiri wa kumkatia mchango, na mkataba wake na mwenye mashua ulikuwa mgao wa samaki wa siku hiyo. Nyumba za wazee zilizokuwapo ziliendeshwa zaidi na makanisa, kama ile ya Kanisa la PCEA huko Thogoto na ile ya Kasarani, Nairobi, inayosimamiwa na Masista Wadogo wa Maskini, mbali sana na ziwa.

Ukimwi ukaja kuvunja mpango wa boma wenyewe. Homa Bay ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi nchini, na fuo za wavuvi ziliumia mno. Wazazi vijana walikufa, na bibi aliyetazamia kutunzwa akawa mtunzaji wa wajukuu. Hakuna daftari lililomtaja kuwa mtoa huduma, ijapokuwa alibeba mzigo ambao kwingine hubebwa na taasisi nzima.

Serikali ilianza na pesa. Mwaka 2004 majaribio ya ruzuku kwa kaya zenye yatima yalianza, na katika mwaka wa fedha wa 2006/2007 yakafuata ya wazee, yakihusisha kaya 300 katika wilaya za Nyando, Busia na Thika. Mradi ulipanuliwa 2009, mwaka uleule wa sera ya kitaifa kuhusu wazee. Orodha zilipitia kwa chifu na naibu wake, na majina yakasomwa barazani ili wanakijiji waseme nani ni maskini kweli. Katiba ya 2010 ikaandika haki ya mzee katika Kifungu cha 57: mzee aishi kwa heshima, bila kuteswa, na apate matunzo ya kadiri kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Mwaka 2018 mpango wa ruzuku wa Inua Jamii ukafunguliwa kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi asiye na pensheni, Sh2,000 kwa mwezi. Hapo mwaka uliokisiwa na karani ukaamua nani alipwe: bibi ambaye kitambulisho chake kilimpunguzia umri alisubiri, hata kama jirani aliyecheza naye utotoni ameshaanza kulipwa.

Katika fomu za mpango huo mna nafasi ya jina la mtunzaji, mtu mwenye kitambulisho anayeweza kupokea fedha kwa niaba ya mzee asiyeweza kutembea. Ni mojawapo ya mara chache sana ambapo serikali ya Kenya imemwandika anayemlea mzee, na imemwandika kwa sababu ya fedha. Fomu haiulizi kama amefundishwa kumgeuza mgonjwa kitandani, wala hakuna anayekuja kumkagua.

Kwingine wazee walitungiwa sheria yao. Australia ilikuwa na Sheria ya Matunzo ya Wazee tangu 1997, na baada ya tume ya uchunguzi ya 2018 hadi 2021 kufichua mateso na uzembe katika vituo, sheria mpya inayomtaka kila mtoa huduma asajiliwe ilianza kutumika Novemba 2025. Zanzibar ilianza kulipa pensheni kwa wote wenye miaka 70 mwezi Aprili 2016, kisha ikatunga Sheria ya Masuala ya Wazee mwaka 2020. Huko nyumba za wazee za Sebleni na Welezo ziko chini ya serikali.

Kenya ilijaribu. Mswada wa kuwatunza na kuwalinda wazee, uliowasilishwa katika Seneti mwaka 2018 na Seneta Aaron Cheruiyot wa Kericho, haukuwa sheria. Orodha ya majukumu ya kaunti katika Jedwali la Nne la Katiba inataja vituo vya kulelea watoto, wala haitaji vya wazee, na hilo lilizipa kaunti sababu ya kuliacha jambo hilo.

Anayetaka kufungua nyumba ya wazee Mbita au Karungu, kwa hivyo, hupita milango iliyojengwa kwa ajili ya wengine. Husajili shirika lake chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, au kikundi chake chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Huchukua kibali cha biashara cha kaunti, na maofisa wa afya ya umma hukagua vyoo, maji na jiko. Akiajiri wauguzi na kulaza wagonjwa, anahitaji pia leseni ya baraza la madaktari. Kwa upande wa mzee mwenyewe, anayefika bomani mara kwa mara ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa zaidi ya 100,000 waliopewa mikoba ya vifaa kuanzia Septemba 2023, ambaye humpima shinikizo la damu na kuandika matokeo kwenye simu.