Hati ya London na loji ya watu weusi wa Boston

Machi 6, 2025 ilitimia miaka 250 tangu siku ambayo, kwa simulizi ya Freemason weusi wa Marekani wenyewe, Prince Hall na wenzake 14 weusi waliapishwa kuwa Freemason ndani ya ngome ya Waingereza katika bandari ya Boston. Lakini sherehe imeingia doa. Watafiti wa miaka ya karibuni, baadhi yao wakiwa wanachama wa loji, yaani matawi, za Freemason haohao, wamezisoma upya karatasi za zamani na kusema mwaka wenyewe si 1775 bali ni 1778. Kwa hesabu yao, waliosherehekea waliwahi miaka mitatu.

Ugomvi huo unaweza kuonekana wa wazee wasio na kazi. Mimi siuoni hivyo. Loji hii ya Prince Hall tangu siku ya kwanza imekuwa ikiulizwa karatasi: mna hati gani, amewapa nani, lini? Loji za wazungu hazikuulizwa hivyo hata nusu yake.

Prince Hall alikuwa fundi wa ngozi. Kabla ya hapo alikuwa mtumwa wa William Hall, naye mtengenezaji wa ngozi mjini Boston, aliyemwandikia cheti cha uhuru Aprili 1770. Alizaliwa wapi, vitabu vinagongana. William Grimshaw, katika kitabu chake cha 1903, alimpa nchi ya kuzaliwa, Barbados, pamoja na wazazi na safari kamili, na wanahistoria waliomfuata hawakuona ushahidi wa hata nukta moja. Bado masimulizi hayo yananakiliwa mpaka leo, maana ni matamu. Tunachokiona sawasawa ni mtu mzima mwenye duka lake, aliyelipwa mwaka 1777 kwa kuwamba ngoma za kikosi cha mizinga cha Boston, na ambaye Januari ya mwaka huohuo jina lake lilikuwa kwenye ombi la watu weusi kwa bunge la Massachusetts wakitaka utumwa ufutwe.

Waliomwapisha walikuwa askari. Kikosi cha 38 cha jeshi la Uingereza kilikuwa na loji yake ya kutembea, nambari 441, chini ya hati ya Ireland, na mkuu wa loji alikuwa sajenti John Batt. Wiki sita baada ya tarehe hiyo inayogombewa, risasi za Lexington zilifungua vita vya uhuru wa Marekani, na Machi 1776 jeshi la mfalme liliihama Boston. Hapo ndipo wanaosema 1778 wanapopata kazi ya kueleza, kwa kuwa mwaka huo kikosi hakikuwapo tena mjini. Wao hujibu kwamba Batt mwenyewe alikwisha achana na kikosi na kurudi Boston. Hoja ina uzito, lakini si ya kumkosesha msomaji usingizi.

Watu hawa 15 waliachwa na kibali chembamba. Waliruhusiwa kukutana, kuandamana siku ya Mtakatifu Yohana na kuzikana. Kuingiza mwanachama mpya hawakuruhusiwa. Ilikuwa loji ya kuzeeka na kufa na waanzilishi wake. Ndugu zao wazungu wa Boston wangeweza kuwapa hati kamili kwa dakika chache za kikao, lakini hawakuwapa. Mwishoni mwa mwaka 1782, gazeti moja la mjini liliandika habari za maandamano yao kwa kejeli na kuibatiza loji hiyo jina la Mtakatifu Mweusi. Hall alijibu kwa maandishi, kwa upole wenye makali, kwamba jina lao ni Loji ya Kiafrika na hawana haja ya majina makubwa.

Machi 2, 1784 aliandika barua London. Vita vilikuwa vimekwisha, Marekani ilikuwa nchi huru, na mtu mweusi wa Boston alikuwa anavuka bahari kwa kalamu kuwaomba walioshindwa kile ambacho washindi wamemnyima. Wakuu wa Freemason wa London wakakubali. Hati ilitiwa saini Septemba 29, 1784 kwa jina la Duke wa Cumberland, ndugu wa Mfalme George wa Tatu, na loji ikapewa nambari 459. Ila karatasi haitembei bila ada, na fedha ya kwanza iliyotumwa iliishia mikononi mwa mjumbe. Miaka miwili na nusu ikapita. Aprili 29, 1787 Kapteni James Scott aliishusha hati hiyo Boston, Hall akatangaza gazetini kwamba imefika, na Mei 6 loji ikafunguliwa rasmi, yeye akiwa Mkuu wake.

Hapa kwetu Afrika Mashariki neno Freemason limegeuka kuwa uvumi. Nguzo za umeme zinabandikwa namba za simu za matapeli wanaoahidi utajiri wa usiku mmoja, na msanii akinunua gari watu wanauliza amemtoa nani kafara. Ilhali loji ipo Nairobi tangu 1905, na marehemu Sir Andy Chande, aliyewaongoza Freemason wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, alieleza uanachama wake bila kificho katika kitabu cha maisha yake. Watu wa Hall walikuwa wa kazi za mikono, na utajiri hawakuupata. Walichokipata kilionekana miezi kumi tu baada ya hati kufika.

Februari 1788, nahodha mmoja aliwaita watu weusi watatu wa Boston, wote huru, wapande merikebu yake kufanya kazi. Waliposhuka chini ya sitaha, mlango ukafungwa na tanga likatwekwa. Merikebu ilielekea visiwa vya Karibi, kwenye masoko ya watumwa. Utumwa ulikuwa umekwisha kuvunjwa na mahakama za Massachusetts, lakini mtu aliyeko katikati ya bahari hana mahakama.

Tunayajua mengi ya kisa hiki kwa sababu ya barua za mchungaji Jeremy Belknap, mzungu wa Boston aliyependa kukusanya habari. Mmoja wa watatu hao alikuwa mwanachama wa Loji ya Kiafrika. Hall hakungoja. Februari 27 ombi lake lilikuwa mbele ya bunge, likiwa na saini za ndugu zake wa loji. Aliandika bila kubembeleza kwamba watu huru wanaogopa hata kwenda kufanya kazi melini, na akaenda mbele zaidi, akataka biashara yenyewe ya watumwa ikomeshwe katika bandari za jimbo. Wachungaji wakapeleka ombi lao, Waquaker nao la kwao. Gavana John Hancock na balozi mdogo wa Ufaransa wakawaandikia magavana wa visiwani.

Huku nyuma, mateka walishushwa kisiwa cha Saint-Barthélemy, kilichokuwa chini ya Wasweden, na kuwekwa sokoni. Belknap anasema mfanyabiashara aliyeletewa bidhaa hiyo alikuwa Freemason, na yule mateka mwanachama wa loji alikuwa na akili yake timamu. Wakajuana. Ishara gani ilipita kati yao, barua haisemi. Mtumwa wa kuuzwa akaeleza habari zake, na mnunuzi badala ya kutoa fedha akawapeleka wote mbele ya gavana, nahodha akiwa miongoni mwao. Nahodha akadai kwamba amewanunua jela, ni wezi. Wao wakasema wametekwa. Gavana akatoa miezi sita ushahidi utafutwe, na muungwana mmoja wa kisiwani akawawekea dhamana.

Ushahidi ukafika. Julai 1788 watatu hao walirudi Boston wakiwa hai na huru, na Prince Hall akawapeleka mwenyewe nyumbani kwa Belknap kumwamkia. Katika karne ambayo mamilioni walivushwa bahari bila kurudi, watatu walirudi.

Bunge nalo lilikuwa limetoa jibu Machi 26: sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa na kuzisaidia familia za waliotekwa. Vitabu vya sifa huishia hapo. Siku ileile bunge hilohilo lilipitisha sheria nyingine ya wazururaji, iliyomkataza Mwafrika asiye raia wa jimbo lolote la Marekani kukaa Massachusetts zaidi ya miezi miwili, na akikaidi achapwe viboko. Mkono mmoja ulimrudisha mtu mweusi kutoka baharini, mwingine ukamwonyesha mlango. Sishangai kwamba mwaka mmoja kabla, Januari 1787, Hall na wenzake 72 walikuwa wameliomba bunge hilo liwasaidie kuhamia Afrika. Oktoba ya mwaka huohuo alilirudia tena, safari hii akitaka shule kwa watoto wao. Hakuna alichopewa.

Yaliyobaki yanajulikana zaidi. John Marrant, mhubiri mweusi, aliihubiria loji mwaka 1789. Hall alitoa hotuba zake mbili zilizochapishwa, 1792 na 1797, ya pili ikiwataka wenzake wavumilie matusi ya barabarani bila kuinamisha vichwa. Loji zikafunguliwa Philadelphia, ambako wahubiri weusi Absalom Jones na Richard Allen walikuwamo, na Providence. Hall alifariki Desemba 1807, akazikwa Copp's Hill. Loji Kuu mbili za Uingereza zilipoungana mwaka 1813, zilifuta nambari za loji zilizokuwa kimya, na ya Boston ikafutwa nazo. Mwaka 1827 ndugu wa Boston wakatangaza kwamba hawako chini ya mtu. Miongoni mwa wanachama wa miaka hiyo alikuwa David Walker, ambaye kijitabu chake cha 1829 dhidi ya utumwa kiliwanyima usingizi mabwana wa kusini.

Nyumba yao ya mikutano ilipoungua mwaka 1869, hati iliokolewa ndani ya kopo lake la bati, kingo zikiwa zimebabuka. Bado ipo. Loji nyingi za wazungu zilizoidharau leo haziwezi kuonyesha karatasi yao ya kwanza kutoka Uingereza.

Mwanazuoni W. E. B. Du Bois alikuwa wa ukoo huu wa loji, na jaji Thurgood Marshall vilevile. Ofisi ya mpigania haki za weusi Medgar Evers mjini Jackson, Mississippi, ilikuwa ndani ya jengo lao. Lakini somo la mapinduzi ya Marekani tunalofundishwa lina Washington, naye Freemason, na chai iliyomwagwa bandarini Boston. Fundi ngozi wa bandari hiyohiyo hayumo. Cambridge, ng'ambo ya mto tu, ilimjengea kumbukumbu uwanjani mwaka 2010.

Freemason wazungu wa Connecticut waliwatambua wenzao weusi mwaka 1989, wa kwanza kufanya hivyo kwa kudumu. London iliitambua Loji Kuu ya Prince Hall ya Massachusetts mwaka 1994, miaka 210 baada ya kuisaini hati ile yenyewe. Majimbo mengi yamefuata, ya kusini yakiburuta miguu kuliko yote. Kuhusu 1775 na 1778, wanachama bado wanabishana, na kwa hesabu ya wale wa 1778 miaka 250 inatimia 2028.