Hesabu, Wazee na Mlango wa Skuli

Wekeni madaftari mbele yenu. Somo la leo ni la historia, lakini ndani yake mtakuta hesabu, kwa hivyo kalamu zisiwe mbali.

Somo hili limetokana na swali. Mama mmoja wa darasa la kisomo aliniambia hivi: "Mwalimu, mwanangu yuko darasa la tano. Kila siku huenda skuli, na kila siku daftari la hesabu hurudi na mikato mitupu. Wenzake wanazungumza habari ya kuchaguliwa kwenda mchepuo wa sayansi. Wangu mimi atachaguliwa vipi?"

Swali hilo wengi wenu mnalo. Ili tulijibu sawasawa, hebu kwanza tutazame tulikotoka.

Hesabu za wazee wetu

Wako watu wanaodhani kuwa hesabu zililetwa Unguja na skuli za serikali. Sivyo. Aliyepima mchele kwa kibaba alijua kuwa vibaba vinne ni pishi moja. Aliyeuza karafuu alijua kuwa frasila moja ni ratli 35. Na katika vyuo vya Kurani, waliosoma mpaka wakafika kwenye elimu ya mirathi walijifunza kugawa kwa nusu, thuluthi, robo, sudusi na thumni.

Tufanye mfano. Mtu amefariki, ameacha minazi 48. Hana deni, na wazee wake hawako hai. Ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na wawili wa kike. Mke hupata thumni, yaani minazi 6. Imebaki 42. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, basi tugawe mafungu sita: kila fungu ni minazi 7. Kila binti atapata 7, na kila mwana wa kiume 14. Jumlisheni, mtaona zimetimia 48.

Asiyejua kugawa hivyo, ndugu zangu, hupewa anachopewa, akashukuru.

Skuli za serikali

Mwaka 1907 serikali ya Unguja iliunda Idara ya Elimu, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Rivers-Smith. Skuli zikafunguliwa mjini na shamba. Lakini wazee wengi wa shamba hawakupeleka watoto. Wakubwa wa serikali waliona kuwa ni ujinga tu. Wazee walikuwa na hoja: skuli hizo hazikuipa Kurani nafasi waliyoitaka, na herufi zilizofundishwa hazikuwa zile walizozizoea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, Kurani ilipopewa nafasi kubwa zaidi na walimu wa vyuo wakakaribishwa skulini, watoto wa shamba walizidi. Shauri la wazee lilikuwa na maana, ila lilichelewa kusikilizwa, na katika kuchelewa huko watoto wengi walikua bila ya kusoma.

Hasara yake ilionekana sokoni. Tarehe 1 Januari 1936 rupia iliondoka Unguja, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki. Rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Tuseme mtu alikuwa na akiba ya rupia 24. Zidisheni: haki yake ni shilingi 36. Mtu wa namna hiyo akipewa 30, naye hajui kuzidisha, amepoteza shilingi sita na hajui kama amepoteza.

Wasichana walisubiri zaidi. Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mjini mwaka 1927, miaka ishirini baada ya kuundwa Idara. Na skuli ya sekondari ilikuwa mlango mwembamba sana. Nafasi zilikuwa chache, na aliyekaa karibu na Mji Mkongwe alikuwa na njia fupi kuliko mtoto wa Makunduchi au Nungwi.

Baada ya mwaka 1964

Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule Rais Abeid Amani Karume alitangaza kuwa elimu ni bila ya malipo. Skuli iliyokuwa ikiitwa King George VI ikapewa jina la Lumumba. Watoto waliokuwa hawana ada waliingia darasani. Hilo ni jambo kubwa, wala lisisahauliwe.

Lakini kila neema ina kazi yake. Walimu wengi walikuwa wameondoka visiwani, na wanafunzi wameongezeka. Madarasa yakajaa. Katika skuli nyingi watoto wakasoma kwa zamu, hawa asubuhi na hawa mchana. Hadithi mtu aweza kuisikiliza akiwa na wenzake sitini. Hesabu hazifundishiki vizuri hivyo, kwa sababu mwalimu hana budi kulitazama daftari la kila mtoto, aone kosa limeanzia mstari gani.

Kisha ikaja Sera ya Elimu ya mwaka 2006. Iliweka miaka sita ya skuli ya msingi, na ikaamua kuwa kuanzia darasa la tano Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza. Nia ilikuwa kumtayarisha mtoto kwa sekondari. Lakini mtoto ambaye hajaelewa kugawa kwa Kiswahili alijikuta na mizigo miwili kichwani: hesabu yenyewe, na lugha ya hesabu. Wazee wengi walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa ya haki.

Wala shida si ya visiwani peke yake. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, Tanzania nzima, waliofaulu Hisabati walikuwa karibu mmoja tu katika kila watano.

Njia na mlango

Sasa turudi kwa yule mama. Katika swali lake yamo mambo mawili, na tusiyachanganye.

La kwanza ni njia, yaani mafunzo ya kila siku. Hapo mzazi ana la kufanya. Aende skuli, si siku ya matokeo tu. Aulize: wanafunzi wangapi katika darasa? Mwalimu wa hesabu yupo, au kipindi hupita bure? Mwanangu amekwama wapi, katika kugawa au katika Kiingereza? Na nyumbani amwambie mtoto apime mchele na ahesabu chenji.

La pili ni mlango, yaani nafasi za mchepuo. Nafasi zikiwa kumi na watoto mia, tisini watabaki nje hata wakifundishwa na mwalimu hodari kuliko wote. Wenye fedha watalipia masomo ya jioni, na watoto wao ndio watakaotangulia. Hapo mzazi mmoja peke yake hana nguvu. Ni lazima wazee wasimame pamoja katika kamati ya skuli, waulize nafasi ni ngapi na watoto wa shamba wamepata ngapi.

Mama yule nilimwambia hivyo. Akaniuliza, "Nami nisiyejua kugawa, nitalitazamaje daftari?" Nikamjibu kuwa ndiyo sababu yupo darasani kwetu. Wiki ile tulianza kugawa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini wazee wa zamani walikataa skuli za serikali? Je, walikuwa na haki?
2. Mtu alikuwa na rupia 50 mwaka 1936. Alistahiki shilingi ngapi?
3. Katika skuli ya kijiji chenu, darasa la tano lina watoto wangapi? Nani kati yenu atakwenda kuuliza?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.