USB 3.0 ilivyobadilishwa jina mara mbili, spidi ikabaki ileile

Wadau, ukiona boksi la flashi limeandikwa USB 3.2 usikimbilie kutoa hela. Huenda humo ndani mna teknolojia ya mwaka 2008.

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. USB 1.0 ilitoka 1996, USB 2.0 ikaja 2000 na spidi ya megabiti 480 kwa sekunde, halafu 2008 ikatoka 3.0 yenye gigabiti 5. Namba ikipanda, spidi imepanda. Hata mtoto anaelewa.

Mwaka 2013 ikaja 3.1, gigabiti 10, na hapo ndipo jamaa wa kamati inayosimamia USB walipotuvuruga. Kwao 3.1 ni jina la kitabu cha masharti, na kitabu kipya humeza cha zamani. Basi ile 3.0 ikageuka 3.1 Gen 1, na mpya yenyewe ikaitwa 3.1 Gen 2. Kitabu cha 3.2 kikatoka 2017, kikaongeza gigabiti 20. Kufika 2019 majina yakabadilishwa tena: 3.0 yetu ileile sasa ni 3.2 Gen 1, ya gigabiti 10 ni 3.2 Gen 2, na ya 20 ni 3.2 Gen 2x2. Jina au hesabu ya kuzidisha?

Kwa injinia anayesoma kitabu, mantiki ipo. Kwa muuzaji ilikuwa neema tupu: anaandika "3.2" kwa herufi kubwa, Gen 1 anaimezea, na hakuna wa kumwambia kadanganya. Anayeumia ni mnunuzi.

Wenzao wa Wi-Fi walishtuka mapema. Oktoba 2018 waliachana na 802.11n, ac na ax kwenye matangazo, wakaziita Wi-Fi 4, 5 na 6. Kwisha kazi.

Wa USB wao 2022 wakatoa USB4 toleo la 2.0, yaani namba mbili ndani ya jina moja! Angalau mwaka huohuo walielekeza kwamba kwenye boksi ziandikwe gigabiti, na kwenye waya wa Type-C na wati pia. Maana Type-C ni umbo la kichwa tu. Nyaya nyingi za chaji zenye kichwa hicho hupitisha data kwa spidi ileile ya mwaka 2000. Kwa hiyo dukani usiulize "hii ni USB ngapi?" Uliza gigabiti ngapi, wati ngapi.