Namba 4 kwenye karatasi ya mama mdogo

Juzi mama mdogo alirudi na majibu ya mamogramu: "BI-RADS 4". Nyumbani vilio, tukidhani ni kansa hatua ya nne. Mimi nikaenda kuchimba.

Kumbe habari inaanzia Berlin, mwaka 1913. Daktari mpasuaji Albert Salomon alipiga eksirei matiti kama 3,000 yaliyokwishakatwa, akalinganisha picha na uvimbe wenyewe. Akaona kansa ina sura yake, na vidoa vidogo vyeusi. Alikuwa Myahudi, Wanazi wakaizima kazi yake. Mwaka 1951 Raul Leborgne wa Uruguay akaandika kuwa vidoa vile ni chembe za chokaa, tena dalili ya kuangaliwa.

Lakini kila daktari alieleza picha kwa maneno yake, hadi madaktari wa eksirei wa Marekani walipotoa BI-RADS mwaka 1993. Uvimbe wa mviringo wenye kingo laini, hatari ndogo. Wenye kingo za miiba, hatari kubwa. Namba 4 ni shaka tu: uwezekano wa kansa ni zaidi ya asilimia 2 hadi chini ya 95. Dawa ya shaka ni kuchukua kinyama kikapimwe.

Mama mdogo anakwenda Jumatatu. Dada zangu, namba msiililie kabla ya kuiuliza, wala msiikimbie.