Namungo na ugomvi wa milioni 100

Novemba 2025, Kassim Majaliwa alipomwachia Mwigulu Nchemba kiti cha Uwaziri Mkuu, Ruangwa ilibaki na hesabu yake pembeni: timu yake ya Namungo itaishije? Uwanja wa timu unaitwa Majaliwa. Mbunge wa jimbo tangu 2010 alikuwa mlezi wake asiyejificha, na sasa hata ubunge ameuacha. Aliyempokea kijiti ni mtu wa Singida, na mapenzi yake kwa timu za kwao hayahitaji kuelezwa.

Wasiwasi huo una haki yake. Lakini kilichoiwezesha timu ya wilaya ya korosho, ufuta na machimbo ya dhahabu kukaa meza moja na wakubwa si mlezi peke yake. Kuna pia fedha za televisheni, na namna zinavyogawanywa ilizua tafrani mwaka 2013, wakati Namungo haijajulikana na mtu yeyote Kariakoo.

Msimu wa 2013/14 Azam Media ilinunua haki za kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka mitatu. Klabu zilikuwa 14, na kila moja ilipangiwa shilingi milioni 100 kwa msimu, mkubwa kwa mdogo. Yanga, chini ya mwenyekiti wake Yusuf Manji, ikakataa katakata. Hoja zake hazikuwa za kijinga. Ilisema haikushirikishwa ipasavyo. Ikauliza inakuwaje mwenye kamera awe pia na timu, Azam FC, inayogombea ubingwa uleule. Zaidi ya yote, ikahoji kwa nini klabu yenye mashabiki nchi nzima ipewe fungu sawa na klabu inayojaza jukwaa moja.

Ukiwa Jangwani, kwenye makao ya Yanga, swali hilo la mwisho lina mantiki kabisa: watu hulipia kisimbuzi ili waone Simba na Yanga. Ila ligi si mechi mbili za watani kwa mwaka. Yanga ikicheza na Simba tu, hakuna ligi ya kuuza. Lazima awepo wa kufungwa, na mara mojamoja wa kufunga. Klabu nyingine ziliupokea mkataba, shirikisho likasimama nao, na kadiri misimu ilivyopita kelele zikapoa.

Nini kingetokea kama Yanga ingeshinda? Besiboli ya Marekani inatoa mfano. Huko haki za taifa zima hugawanywa sawa, lakini kila timu huuza yenyewe matangazo ya eneo lake. New York Yankees wana jiji zima la kuuza. Montreal Expos waliuanza msimu wa 2000 bila mkataba wa televisheni wala redio kwa Kiingereza, na baada ya msimu wa 2004 timu ikahamishiwa Washington. Ruangwa ingeuza matangazo ya eneo lake kwa nani?

Namungo ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, msimu uleule Ndanda ya Mtwara iliposhuka. Chini ya kocha Thierry Hitimana, Wauaji wa Kusini wakamaliza nafasi ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Sumbawanga, wakafungwa na Simba 2-1. Kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi pia, tiketi ya Afrika ikaangukia Ruangwa. Wakaitoa Al Hilal Obeid ya Sudan, kisha 1º de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5, mechi zote mbili zikichezwa Dar es Salaam baada ya sakata la vipimo vya korona mjini Luanda. Kwenye makundi walipoteza michezo yote sita.

 

Mei 2021 Azam ikasaini upya: miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Safari hii nafasi ya timu kwenye msimamo inahesabika, na bingwa ana donge lake la milioni 500. Mwaka huohuo GSM, mdhamini wa Yanga, ikaingia kama mdhamini mwenza wa ligi. Simba ikagoma kuvaa nembo yake, na Februari 2022 GSM ikajitoa. Fedha hizo klabu ndogo zikazikosa kwa ugomvi usiozihusu.

Yanga nayo, ile iliyozikataa kamera, ilisaini na Azam mwaka huo wa 2021 mkataba wake yenyewe wa maudhui, nao wa miaka 10. Namungo haina cha kuuza kwa namna hiyo. Inategemea fungu la pamoja, ambalo mkataba wake unafika ukingoni 2031.